Vibao Vinne vya Mama Nesi

Mlango wa kabati uliingia karakana ukiwa umefunikwa shuka jeupe, kwapani mwa mwanamke wa makamo aliyevaa raba nyeupe pe, na kabla hajatoa hata salamu, wote waliokuwamo walishajua mambo si mambo. Nani anafunika ubao shuka? Ubao hausikii baridi.

Waliokuwamo, kusema kweli, walikuwa wawili tu. Mmoja ni fundi seremala mwenye karakana yake, mtu wa maneno ya kuhesabu, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Randa kwa sababu ana randa moja ya chuma ambayo hajawahi kumwazima binadamu. Wa pili ni binti yake, aliyetoka chuo cha ufundi mwaka jana na cheti cha kupaka rangi fanicha, na jina lake la nyumbani ni Chiriku. Huna haja ya kuuliza kwa nini. Kaa naye dakika tano tu, utakuwa umepata habari za wiki nzima: zake, za jirani, na za watu ambao hata yeye mwenyewe hawajui.

Siku hiyo lakini Chiriku alinyamaza tuli. Mlango aliutambua kabla shuka halijaondolewa.

Mwenye mlango alikuwa Mama Nesi, nesi mstaafu wa nyumba ya kona, miaka thelathini na moja wodini, na mpaka leo anatembea kama vile kuna mtu amelala chumba cha pili. Aliulaza mlango juu ya meza ya kazi taratibu, akafunua shuka upande mmoja, akaanza kueleza kama mtu anayekabidhi zamu. Mgonjwa ni mlango wa kabati la jikoni. Alipakwa rangi miezi mitano iliyopita na huyu binti hapa. Ngozi inambanduka pembeni kote na kuzunguka kishikio. Nyumbani wamebaki kumi na watatu, na wote wana ugonjwa huo huo.

Na ilikuwa kweli. Ile ilikuwa kazi ya kwanza ya Chiriku peke yake, na rangi aliichagua mwenyewe: rangi ya maji, krimu, isiyong'aa hata chembe, imetulia kama poda usoni. Alivyoipenda ile rangi! Alipiga picha milango yote, akawatumia wenzake wa chuo, akawaamsha waliokuwa wamelala. Sasa ilikuwa inatoka vipande vipande kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Mama Nesi hakuwa mkali. Tatizo ni kwamba hakuwa kimya pia. Kabla ya kufika karakana alikuwa ameshapita nyumba sita na mlango ule ule, na kila kibaraza shuka likafunuliwa, watu wakaona.

Mzee Randa alimwomba radhi, akamwambia kazi itarudiwa yote, akamsindikiza mpaka nje. Kisha akarudi kwenye mbao zake, akapiga randa kama robo saa hivi bila kutia neno. Chiriku alijua hiyo robo saa. Ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Tunarudia yote kumi na minne," baba yake alisema mwishowe, macho kwenye mbao. "Utachagua rangi wewe, utapaka wewe. Lakini mlango mmoja tu ukirudi humu na kasoro, kazi ya rangi inarudi kwa Fundi Brashi. Wewe utakaa pale mbele, upokee wateja."

Fundi Brashi ndiye aliyekuwa akipaka kazi za karakana kabla ya Chiriku kumaliza chuo. Si mtu mbaya. Ila kwake yeye geti, kiti na kitanda cha mtoto vyote ni kitu kimoja, brashi moja, kopo moja, twende kazi. Na kuhusu kukaa mbele kupokea wateja, watu wote wangesema Chiriku ameupata ufalme wake: akae kwenye kiti, aongee, alishwe habari na kila anayepita. Lakini hawakujua. Kuna sekunde chache rangi mbichi inapojilaza yenyewe juu ya mbao, mistari inapotea, uso unakuwa kama maji ya beseni yaliyotulia. Sekunde hizo Chiriku huwa haongei. Hata kupumua anasahau. Hakuna kitu kingine duniani kinachomfanya hivyo, na hakuwa tayari kumwachia mtu mwenye brashi moja.

Basi akapiga moyo konde. Akajiambia, mara hii sichagui kwa macho.

Chuoni walifundishwa hivi: kabla ya kupaka, tengeneza vibao vya majaribio, mpe mwenye nyumba akae navyo. Akakata vibao vinne vya ukubwa wa daftari, kila kimoja akakipaka rangi yake. Cha kwanza alikipaka ile ile rangi ya maji iliyobanduka, ili aone inakufaje. Cha pili rangi ya mafuta ya kung'aa, ile anayoipenda baba yake, ambayo ukijitazama unaona mpaka meno. Cha tatu rangi ya maji ya mbao na juu yake vanishi. Cha nne rangi ya makopo mawili, ambayo unachanganya rangi na dawa yake ya kuigandisha, mafundi wanaiita hadina, na ikishachanganywa haikusubiri, ukichelewa inakugandia kwenye kopo. Hiyo mng'ao wake ni wa wastani, kama ngozi iliyopakwa mafuta asubuhi na sasa ni saa nane mchana. Akaviacha vikauke karakana wiki mbili kamili, kisha akavipeleka kwa Mama Nesi vikiwa na namba mgongoni.

"Shikamoo, Mama. Nimekuletea hivi uvitese," alimwambia.

Mama Nesi alivitazama. Akauliza kuvitesa ndiyo kufanya nini. Chiriku akamwaga maelezo yote: avirushie mafuta ya moto, avimwagie chai, avisugue kwa waya wa sufuria, aviegeshee kifuniko cha moto, avikwaruze kwa kucha, kwa siku kumi, halafu atakuja kuona kipi kimebaki na uso wake. Siku ya kumi na moja baba yake angetaka jibu. Mama Nesi akaitikia, ndiyo, ndiyo, amesikia. Akavipokea kwa mikono miwili.

Hapo Chiriku alipaswa kushtuka. Mtu anayekwenda kutesa kitu hakipokei kwa mikono miwili.

Siku ya kumi alirudi roho juu juu. Jiko la Mama Nesi lilikuwa vile vile: dirisha moja linaloingiza jua la asubuhi, sinki chini yake, jiko la gesi kulia, makabati sita juu na manane chini, yote yamechubuka kama yametoka vitani, ila masafi. Masafi kupita maelezo. Na pale kwenye kizingiti cha dirisha, juu ya taulo jeupe lililokunjwa mara mbili, vibao vinne vilikuwa vimelazwa kwa mstari, kila kimoja kimefungiwa uzi, na kwenye uzi inaning'inia karatasi.

Hakuna tone la mafuta wala alama ya chai, na moshi hata wa kiberiti haukuvigusa.

"Mama," Chiriku alisema taratibu, "hukuvitesa."

Mama Nesi alifuta mikono yake kwenye aproni. Akakiri kwamba siku ya kwanza alichukua mafuta kwenye kijiko, akasimama nacho pale pale, mkono ukakataa. Vitu vimeletwa mikononi mwake, vina namba. Miaka thelathini na moja hakuna aliyeletwa mikononi mwake akiwa na namba halafu akamwagiwa mafuta. Kwa hiyo aliwapangia kitanda, akawafungulia chati, akawa anapita raundi mara tatu kwa siku. Alisema "nikawa nawapitia," kama watu kabisa.

Chiriku alikaa kwenye stuli. Kesho baba yake anataka jibu, na jaribio lote limekuwa likizo ya mapumziko. Angemwambia nini Mzee Randa, kwamba vibao vililala salama? Aliona kabisa kiti cha mbele kinamsubiri, na Fundi Brashi anaingia na kopo lake. Mama Nesi akamwekea chai, naye kwa heshima tu, ili asionekane amenuna, akavuta karatasi ya kwanza akasoma.

Mwandiko ulikuwa ule wa manesi wa zamani, umenyooka kama umepigwa rula.

*Kibao Na. 1. Siku ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi: amefutwa kwa klorini. Hali njema. Saa saba mchana: amefutwa kwa klorini. Hali njema. Saa kumi na mbili jioni: amefutwa kwa klorini. Hali njema.* Siku ya nne: *Anachubuka pembeni.* Siku ya sita: *Mahututi.* Siku ya saba, kwa wino mwekundu, saa na dakika, na chini yake sahihi.

Chiriku aliweka kikombe chini.

Akakinyanyua kibao chenyewe, maana kutoka mlangoni alikiona kisafi tu, hakukitazama kwa karibu. Kimebanduka pembe zote nne. Vile vile kama milango. Akavuta karatasi ya pili, ya rangi ya baba yake: *Siku ya tano: amepauka. Siku ya nane: ukimgusa ananata. Hana furaha.* Ya tatu: *Siku ya saba: ukungu mweupe umetanda kwenye vanishi. Anahitaji uangalizi.* Ya nne ilikuwa imeandikwa *hali njema* kila raundi bila kuruka, na mwisho wa yote, *Anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.*

"Mama," aliuliza, na sauti aliituliza mpaka ikawa si yake, "milango ya makabati unaifutaje?"

Mama Nesi akafurahi kuulizwa. Akatoa ndoo chini ya sinki, akatoa chupa kubwa ya klorini, akatoa vitambaa viwili, kimoja cha dawa na kimoja cha kukaushia, akaonyesha: unaanza juu kushuka chini, kutoka dirishani kwenda mlangoni, pembe kwanza halafu kishikio, maana kishikio ndiko wadudu wanakokaa. Asubuhi, mchana, jioni. Katika jiko lake, alisema, hajawahi kuugua mtu.

Miezi mitano, mara tatu kila siku, ndoo ya klorini iliyokolea kama ya wodi. Hata geti la chuma lingeomba poo.

Jamani, ile ndiyo nafasi. Neno lilishafika kwenye ncha ya ulimi: kumbe ni wewe! Nyumba sita umepita na shuka, kumbe rangi yangu umeiua wewe mwenyewe! Na Chiriku si mtu wa kumeza neno. Lakini akamwangalia yule mama amesimama na ndoo yake, amenyooka, uso umejaa fahari ya kazi iliyofanywa vizuri, akashindwa. Tena kuna jambo jingine lilimchoma zaidi. Ile siku ya kwanza, kabla hajafungua kopo la krimu, hakumuuliza hata swali moja. Aliingia, akapima, akaongea saa nzima kuhusu rangi za kisasa, akaondoka. Fundi mzima, mwenye cheti, hakuuliza mwenye jiko anasafishaje jiko lake.

Akameza. "Kibao cha nne, Mama," alisema. "Yule mpe ruhusa."

Jioni ile ile aliviweka vibao mbele ya baba yake pamoja na chati zake. Mzee Randa alivisoma vyote akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Alipofika kwenye chati ya rangi ya mafuta, ile aliyoitetea miaka yote, alirudia kusoma. "Hana furaha," akasema peke yake. Halafu akakichukua kibao cha nne, akakikwaruza kwa kucha, akakikwaruza kwa funguo, akakiegemeza kwenye mwanga. Chiriku hakumweleza kuhusu ndoo. Alisema tu kwamba jiko lile linafutwa sana, linahitaji kitu kigumu. Baba yake akamtazama kwa jicho la pembe, kama anayejua kuna kitu kimefichwa chini ya mkeka, lakini hakuvuta.

"Hadina haina masihara," alisema. "Ikishapakwa inataka siku kumi na nne bila maji wala dawa, mpaka igande moyo wake. Utamweza yule?"

Swali lilikuwa hilo hasa. Kazi yenyewe Chiriku aliifanya kama anafanya mtihani, sina haja ya kutia chumvi. Aliing'oa milango, akaandika namba kwa penseli ndani ya tundu la kila bawaba ili usichanganyike hata mmoja. Akaiosha, akaipiga msasa mpaka rangi ya zamani yote ikatoka, akaziba mashimo, akapaka rangi ya kwanza ya kushikia, akapiga msasa mwembamba tena. Siku ya kupuliza rangi kwa mashine alinyunyiza maji sakafuni kulaza vumbi, akafunga mlango, akavaa barakoa kubwa ya mafundi inayomfanya aonekane kama mdudu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule karakana ilikaa siku nzima bila kusikia sauti yake. Mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine, krimu ile ile, maana Mama Nesi hakutaka nyingine. Mzee Randa alichungulia dirishani mara nne. Kila mara alijifanya anatafuta kitu.

Walipoifunga milango mahali pake, Chiriku alimkalisha Mama Nesi chini. Alikuwa amefikiria maneno siku tatu nzima. Hakumwambia habari za kikemia walizosoma chuoni. Alimwambia hivi: hawa kumi na wanne wametoka chumba cha upasuaji. Kwa macho wamepona, ndani bado. Kidonda hakiloweshwi siku kumi na nne. Kitambaa kikavu tu, tena kwa mkono mwepesi.

Mama Nesi alitikisa kichwa kama mtu anayepokea agizo la daktari. Akachukua kalamu, akafungua chati mpya ya wodi nzima, akaibandika ukutani kando ya friji. Siku kumi na nne, mistari kumi na minne.

Chiriku hakulala vizuri siku hizo. Alikuwa akipita mtaa ule kwa visingizio vya ajabu, anatumwa chumvi anaishia kwenye kona, anachungulia. Kila akipita anamwona Mama Nesi amesimama jikoni, mikono nyuma, anaitazama milango. Hashiki kitu. Ila ile mikono nyuma, ungeiona, ilikuwa imeshikana kama inazuiana.

Siku ya kumi na tano baba na binti walikwenda pamoja kukagua. Mzee Randa alisimama mlangoni kumsalimia jirani mmoja, Chiriku akatangulia ndani. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia lote, makabati yametulia, krimu nzuri kama maziwa kwenye sufuria kabla hayajachemka. Akapitisha macho kulia kwenda kushoto. Na juu ya jiko la gesi, mlango wa tatu, akaliona.

Doa. Ukubwa wa kiganja, limepauka, kama mtu amepumulia kioo na pumzi ikakataa kuondoka.

Alijua mara moja ni nini. Rangi ilikuwa haijaganda moyo, ikapitiwa na klorini. Akageuka. Mama Nesi alikuwa kwenye sinki, amempa mgongo, anasuuza kikombe kimoja ambacho tayari kilikuwa safi.

Mzee Randa akaingia. Hakuwa na haraka. Alianza chini, mlango mmoja mmoja, anafungua, anafunga, anapitisha kiganja, kucha, anainama kuangalia pembe. Minane ya chini akaipita. Akaanza ya juu. Wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu kiganja kikasimama.

"Hiki nini?"

Chiriku alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi na la kweli, na lingemwokoa. Akatazama ule mgongo wa kwenye sinki. Mama Nesi alikuwa ameacha kusuuza, maji yanatiririka tu bure.

"Ni mlango mmoja, Baba," Chiriku alisema. "Ulisema mmoja."

Baba yake akamgeukia. Akafungua mdomo. Lakini Mama Nesi alikuwa ameshafunga bomba, na alipogeuka alikuwa amesimama vile wanavyosimama manesi mbele ya daktari mkuu, visigino pamoja. Akaenda kando ya friji, akabandua chati ukutani, akamkabidhi Mzee Randa. Hakungoja aisome. Aliisema kwa kichwa.

"Siku ya tisa, saa kumi na mbili jioni. Mlango wa juu ya jiko umerukiwa na mafuta. Nimeufuta kwa klorini. Nimekiuka agizo. Nesi wa zamu, mimi mwenyewe."

Imeandikwa kweli, kwa wino mwekundu, sahihi chini. Aliweza kuufuta mara moja kwa siri, lakini kuacha kuandika hakuweza. Miaka thelathini na moja haiachi mtu hivi hivi.

"Na siyo huo tu, Fundi," akaendelea, na hapa sauti ilipungua kidogo. "Ile ya kwanza nayo ni mimi. Nilijua tangu nilipoandika kifo cha kibao namba moja. Mtoto huyu naye alijua, nilimwona anavyosoma. Nikangoja aniseme. Hakunisema. Mimi nimepita nyumba sita na shuka."

Mzee Randa aliikunja chati taratibu mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa shati kama risiti. Chiriku hakujua aangalie wapi, akaangalia sakafu, ambayo nayo ilikuwa safi.

"Hizo nyumba sita ni juu yako, Mama Nesi," Mzee Randa alisema.

"Leo leo," Mama Nesi akajibu. "Nitapita raundi."

Kisha Mzee Randa akatoa bisibisi, akaufungua mlango wa tatu, akaubeba kwapani, na wakatoka. Chiriku alitembea nyuma yake akiutazama ule mlango unavyopanda na kushuka kwapani mwa baba yake. Mlango umerudi. Kwa sababu yoyote ile, umerudi, na baba yake ni mtu wa kusema neno moja na kulisimamia mpaka liote mizizi. Walipita mbele ya duka la Fundi Brashi, ambaye alikuwa amekaa nje juu ya kopo, akawapungia mkono. Mzee Randa naye akampungia. Hawakusimama, ila Chiriku hakuthubutu kulipa hilo maana yoyote.

Karakanani, baba yake aliweka mlango juu ya meza ya kazi. Akakunja mikono ya shati. Akafungua droo, akatoa karatasi ya msasa, akaikunja mara tatu vile anavyokunja siku zote, akaikamata vizuri kiganjani. Kisha badala ya kuanza, akabaki ameishika tu juu ya doa, akageuza shingo.

"Nikwaruze mpaka wapi?"

Chiriku alifikiri amesikia vibaya. Mzee Randa hajawahi kumuuliza mtu chochote kuhusu mbao, si mafundi wenzake, si wateja, si mke wake. Lakini msasa ulikuwa umesimama pale pale hewani, unasubiri.

"Uso wote, Baba, siyo doa tu, vinginevyo kiraka kitaonekana," alisema. "Mpaka mng'ao uishe. Usifike kwenye mbao."

Baba yake akaitikia kwa kichwa, akaanza. Alikwaruza polepole, kwa mduara mdogo mdogo, na kila baada ya muda anasimama, anapuliza vumbi, anaunyanyua mlango kwenye mwanga wa dirisha na kumwonyesha. Chiriku anatazama, anasema bado. Anaendelea. Anaunyanyua tena. Bado kidogo, pale pembeni. Mara ya tano Chiriku alipitisha kiganja chake mwenyewe, huku na huku, akasema hapo sasa, inatosha, akaenda kuvaa barakoa yake.